Mvinyo mkavu wa Dodoma ushuke Kigoma na jina la shamba lake

Katika rafu za vinywaji za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kuanzia Rusimbi na Mwanga hadi hoteli za ufukweni, mvinyo umegawanyika makundi mawili. Kuna mvinyo mtamu wa nyumbani, ambao ndio unaotoka haraka. Halafu kuna chupa za nje, nyingi za Afrika Kusini na chache za Ufaransa, ambazo hukaa rafu ya juu, hufutwa vumbi, na kununuliwa anapofika mgeni au panapokuwa na harusi. Kinachokosekana katikati ni mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma wenye jina la shamba ulikotoka.

Pengo hilo si dogo. Zabibu za Dodoma hulimwa kando ya reli ileile inayoishia Kigoma. Kutoka stesheni ya Dodoma hadi hapa ni takriban kilometa 800, na reli hiyo imefika ziwani tangu mwaka 1914. Wakati huohuo wakulima wa zabibu wamekuwa wakilalamikia soko msimu baada ya msimu, na kilio chao kimefika hadi Bungeni. Zabibu ikishaiva haisubiri. Mnunuzi akichelewa wiki mbili, mkulima ama anauza kwa bei ya kutupa, ama anaziangalia zikioza mtini.

Safu hii inasema kwamba mfanyabiashara wa Kigoma ana nafasi ya biashara hapa, na mkulima wa Dodoma anamhitaji. Lakini biashara hiyo haitasimama kwa kuiga lebo za Kifaransa. Itasimama kwa kujifunza jinsi mkulima mdogo wa Ufaransa alivyotoka katika shida inayofanana sana na hii ya kwetu.

EKARI NNE NA NUSU

Wengi wetu huamini kwamba mvinyo wa Kifaransa una bei kwa sababu unatoka Ufaransa, na kwamba nyuma yake kuna mashamba makubwa yasiyo na mwisho. Ukweli ni tofauti. Shamba la Romanée-Conti, katika jimbo la Burgundy, lina ukubwa wa hekta 1.81 tu, yaani takriban ekari nne na nusu. Wapo wakulima wa zabibu mkoani Dodoma wenye eneo kubwa kuliko hilo. Shamba hilo hutoa chupa elfu chache kwa mwaka za mvinyo mwekundu mkavu, na bei ya chupa moja inaweza kununua gari dogo la mtumba.

Mwaka 1945 mizabibu ya shamba hilo ilikuwa imezeeka na kuchoka. Wenyewe waliing'oa yote na kupanda upya, na mvinyo wa jina hilo haukutoka tena hadi mavuno ya mwaka 1952. Hawakununua zabibu za jirani ili kujaza chupa zao katika miaka hiyo. Mnunuzi aliyesubiri alirudi, kwa sababu alijua kwamba jina likiwa juu ya chupa, kilichomo ndani kimetoka katika udongo ule na si mwingine.

Hatusemi kwamba Hombolo au Mpunguzi watauza chupa kwa bei ya gari. Idadi kubwa ya wakulima wa zabibu wa Ufaransa nao huuza kwa bei ya kawaida kabisa. Tunachosema ni kwamba udogo wa shamba haujawahi kuwa sababu ya umaskini wa mkulima wa zabibu. Sababu imekuwa ni nani anayetia mvinyo katika chupa, na ni jina la nani linaloandikwa juu yake.

Mkulima wa Kifaransa alijua hilo kwa machungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 bei ya mvinyo katika mikoa ya kusini mwa Ufaransa ilianguka vibaya. Mvinyo ulikuwa umezidi sokoni, na zaidi ya hapo walikuwepo watengenezaji waliokuwa wakiongeza maji na sukari kisha wakauita mvinyo. Mwaka 1907 wakulima waliingia mitaani kwa mamia ya maelfu. Katika mji wa Narbonne askari walifyatua risasi na watu wakafa. Mwezi Juni mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuzuia uchakachuaji wa mvinyo kwa maji na sukari. Mwaka 1935 ukafuata mfumo wa majina ya asili, ambao unamzuia mtu kutumia jina la mahali kama zabibu hazikutoka mahali hapo na hazikutunzwa kwa kanuni za hapo.

Huko Bordeaux nako, kwa miaka mingi mashamba mengi yaliuza mvinyo kwa mapipa kwa wafanyabiashara wa mjini. Wafanyabiashara ndio walioutunza, wakauchanganya walivyotaka na kuutia katika chupa. Mwaka 1924 Baron Philippe de Rothschild aliamua kwamba mvinyo wote wa Mouton utiwe katika chupa palepale shambani. Mashamba mengine makubwa yakafuata. Ndiyo maana hadi leo lebo nyingi za Ufaransa zina maneno yanayosema kwamba chupa imejazwa shambani. Maneno hayo si pambo, ni dhamana kwa mnunuzi.

MCHUZI WA ZABIBU

Sasa tuangalie Dodoma. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki, na misheni ya Bihawana inatajwa kuwa ndiyo chimbuko lake katika miaka ya 1950. Ardhi ya kichanga, mvua chache na jua la kutosha viliifaa. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, mkulima wa Dodoma huulaza na kuuamsha mwenyewe kwa kuupogoa, na hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka, takriban mwezi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mfaransa huvuna mara moja. Aina inayotawala kwa mvinyo mwekundu ni Makutupora Nyekundu, inayobeba jina la kituo cha utafiti wa zabibu kilichopo nje kidogo ya jiji la Dodoma. Zipo pia Syrah, Aglianico na Teroldego, na kwa mvinyo mweupe Chenin Blanc.

Kiwanda cha umma cha DOWICO kilikuwa mnunuzi mkubwa wa wakulima hao. Kilipodhoofika na kusimama, wakulima walibaki bila mnunuzi, na wapo walioing'oa mizabibu yao. Zao lilifufuka walipokuja wanunuzi wapya, wakiwemo CETAWICO walioanza Hombolo mwaka 2002, na baadaye viwanda vingine. Wakazaliwa pia wasindikaji wadogo wengi, baadhi wakiwa na matangi machache tu nyuma ya nyumba.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Wasindikaji wadogo wengi hawauzi mvinyo kwa mlaji. Wanauza kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi, kwa lita, kwa viwanda vikubwa vinavyouchuja, kuutia ladha na kuuweka katika chupa zao. Mkulima na msindikaji mdogo wanabeba hatari yote ya shambani na ya tangini, kisha jina na faida ya mwisho vinakwenda kwa mwingine. Na kiwanda kikubwa kikiwa na akiba ya kutosha, mchuzi haununuliwi, tangi linabaki limejaa, na zabibu za msimu unaofuata hazina pa kuwekwa. Ni hali ileile ya Bordeaux kabla ya mwaka 1924.

Tupige hesabu rahisi. Kilo 1,000 za zabibu hutoa takriban lita 650 za mvinyo. Lita hizo ni chupa zaidi ya 860 za mililita 750. Mkulima akiuza kilo, analipwa kilo. Akiuza lita za mchuzi, analipwa zaidi kidogo. Anayeuza chupa 860 zenye jina ndiye anayekusanya fedha za mlaji. Msomaji aulize bei ya kilo moja ya zabibu shambani wakati wa msimu, kisha aangalie bei ya chupa iliyo dukani kwake, ataona mwenyewe fedha zinabaki wapi.

KWA NINI MKAVU

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike na mvinyo mkavu wakati mtamu ndio unaouzika? Swali ni la haki, na tulijibu kibiashara.

Mvinyo mkavu ni ule ambao hamira imekula sukari yote ya zabibu na kuigeuza kileo. Kwa kanuni za Ulaya mvinyo wa kawaida wenye hadi gramu 4 za sukari kwa lita moja huitwa mkavu, na mtamu huanzia gramu 45. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, na maganda ndiyo yanayotoa rangi na ule ukali unaokausha ulimi. Hakuna sukari ya kufunika makosa. Zabibu zikiwa zimevunwa mbichi, au tangi likiwa chafu, mvinyo mkavu utasema. Ndiyo maana hauwezi kutengenezwa kwa ujanja, na ndiyo maana unafaa kubeba jina la shamba.

Pili, mvinyo mtamu usiochujwa vizuri ni hatari njiani. Sukari iliyobaki inaweza kuanza kuchachuka tena katika joto, vizibo vikaruka na mzigo ukapotea. Mvinyo mkavu uliotulia vizuri hauna chakula hicho cha hamira. Kwa mzigo unaosafiri kilometa 800 hadi ufukweni mwa Tanganyika, jambo hili si dogo.

Tatu, upo ushindani. Dompo na mvinyo mwingine mtamu wa Dodoma tayari unafika karibu kila wilaya, na msindikaji mdogo hawezi kushindana nao kwa bei. Lakini katika mvinyo mkavu mshindani wake ni chupa ya Ufaransa au ya Afrika Kusini iliyokwisha kulipiwa meli, forodha na lori. Kwa miaka mingi sheria zetu za ushuru wa bidhaa zimeupa unafuu mkubwa mvinyo unaotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya matunda ya ndani. Mfanyabiashara asiyeutumia unafuu huo anaacha fedha mezani.

WANAOPINGA WANASEMAJE

Hoja ya kwanza ni kwamba watu wetu hawapendi mvinyo mkavu, wanauita mchungu. Ni kweli kwa anayeunywa peke yake kama soda. Mvinyo mkavu ni kinywaji cha mezani. Ukali wake hukata mafuta, kwa hiyo huenda vizuri na nyama choma ya mbuzi, au na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kwa migebuka na samaki wengine wa ziwani, mwekundu mkavu mara nyingi huacha ladha kama ya chuma mdomoni, na hapo muuzaji mwaminifu atamshauri mteja achukue Chenin Blanc. Muuzaji anayejua hayo ataongeza wateja. Asiyejua ataendelea kufuta vumbi.

Hoja ya pili ni kwamba Rusimbi na Ujiji ni mahali pa Waislamu wengi, na wengi wao hawanywi pombe kabisa. Makala haya hayamwombi mtu yeyote anywe, wala hayamwombi asiyeitaka biashara hiyo aifanye. Tunazungumzia fedha ambayo tayari inatumika: hoteli zinazopokea watalii wanaokwenda Gombe na Mahale, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, sherehe za harusi, na makanisa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataka mvinyo wa misa uwe wa asili, wa tunda la mzabibu, usioharibika. Parokia ni mteja wa mwaka mzima, anayejua anachotaka na asiyebabaishwa na lebo. Fedha hizo zote sasa zinavuka mipaka kwenda kwa mkulima wa nchi nyingine.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: ubora haulingani. Chupa ya leo nzuri, ya mwezi ujao ina ukakasi wa siki. Hapa hatuwatetei wasindikaji. Msindikaji asiye na nembo ya ubora ya TBS na stempu ya kielektroniki ya kodi hana haki ya kuomba nafasi katika rafu. Lakini lawama si yake peke yake. Chupa mpya ni lazima aagize kwa wingi kutoka Dar es Salaam au nje, vizibo halisi hutoka mbali kama Ureno, na mkopo wa tangi la chuma kisichoshika kutu hulipwa kwa masharti yasiyolingana na mavuno. Mtu aliyelazimika kuuza mchuzi wake upesi ili alipe deni hawezi kuupa muda wa kutulia.

MFANO WA MARAUSSAN

Kwa wanaodhani kwamba wadogo hawawezi kuuza moja kwa moja, tunawapa mfano. Katika kijiji cha Maraussan, kusini mwa Ufaransa, wakulima wadogo waliungana mwaka 1901, katika kipindi kilekile cha bei mbovu, wakaanza kuuza mvinyo wao pamoja. Mwaka 1905 walikuwa na ghala lao la kusindikia. Hawakungoja wachuuzi wa mjini. Walifanya mapatano na vyama vya ushirika vya walaji jijini Paris, mamia ya kilometa kaskazini, wakapeleka mvinyo kwa reli. Mlaji alijua anakunywa mvinyo wa nani, na mkulima alijua nani atanunua kabla ya kuvuna.

Weka Dodoma mahali pa Maraussan na Kigoma mahali pa Paris, na reli ipo katikati. Kigoma yenyewe si mgeni katika biashara ya majina. Mlaji wa Dar es Salaam anaulizia dagaa wa Kigoma kwa jina, na analipa zaidi. Mawese yetu yanajulikana, na wakulima wa kahawa wa Kanyovu wamekwisha kuonyesha kwamba kahawa ya Kigoma inaweza kuuzwa nje ikiwa na jina lake. Watu wanaojua thamani ya jina la dagaa wao hawahitaji semina ili waelewe thamani ya jina la shamba la zabibu.

KIFANYIKE NINI

Kwanza, wenye maduka na hoteli wa Kigoma-Ujiji waagize kwa pamoja. Kreti ya chupa 12 ina uzito wa kilo 15 hivi, na karibu theluthi mbili tu ndiyo mvinyo, kilichobaki ni kioo. Mtu mmoja akiagiza kreti tatu, nauli inamla. Watu kumi wakiagiza tani moja kwa mara moja, hesabu inabadilika. Wachague wasindikaji wawili au watatu, waende wenyewe Dodoma kuonja kutoka tangini, na waweke oda kabla ya mavuno, kwa malipo ya awali kidogo. Oda hiyo ndogo ndiyo itakayomwezesha msindikaji kutouza mchuzi wake kwa hofu.

Pili, mzigo utunzwe. Joto ni adui wa mvinyo. Behewa la chuma lililosimama juani mchana kutwa linaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Mzigo upakiwe jioni, na ghala liwe lenye kivuli na hewa, mbali na bati. Chupa zenye vizibo vya gome zilazwe ili kizibo kisikauke. Mwekundu usiuzwe wa moto eti kwa sababu vitabu vinasema joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Kwa Kigoma, nusu saa katika friji inatosha.

Tatu, lebo iseme kweli: shamba au kijiji, aina ya zabibu, mwaka na msimu wa mavuno, na jina la aliyeujaza. Serikali isaidie kwa kulinda jina la Dodoma kisheria kabla wengine hawajalichezea. Mtu asiruhusiwe kuandika Dodoma juu ya mvinyo uliotengenezwa kwa juisi iliyoagizwa kutoka nje. Wafaransa walifika hapo baada ya damu kumwagika. Sisi tunaweza kufika kwa kalamu.

Nne, tutazame ng'ambo ya ziwa. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Bujumbura, Uvira na Kalemie ni miji ambayo ladha ya mvinyo mkavu ilifika zamani kupitia Wabelgiji. Chupa itakayokuwa imezoeleka Kigoma haina safari ndefu kufika huko.

Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Reli hiyo ikifika ziwani itabeba bidhaa kwa haraka zaidi, za ndani na za nje bila ubaguzi. Atakayefaidi ni yule ambaye tayari ana mteja, ana ghala na ana mapatano na mkulima. Anayengoja reli ndipo aanze kuuliza njia ya kwenda Hombolo atakuta chupa za nje zimeshashushwa. Mavuno ya Agosti hayako mbali, na oda za kwanza ziwekwe kabla ya hapo.